Kisima cha Dakika Kumi

Anwani yangu ya kwanza nilifunguliwa Makole
na kijana wa steshenari aliyekuwa akitafuna karanga.
"Jina? Mwaka wa kuzaliwa? Weka vyote, usije ukasahau."
Akanimwaga humo mzima mzima:
perisi, nukta, ndahani, themanini na tisa.
Nikatoka na kikaratasi mkononi kama mtu aliyegawiwa kiwanja.

Kiwanja chenyewe hakikuwa na ukuta.
Niliitoa benki, nikaitoa kwenye bahati nasibu ya sabuni,
nikampa muuza mawigi, nikawapa kampuni ya mikopo
walioniuliza na jina la shangazi, na namba yake.

Wakaja.
Wakaja kama kweleakwelea kwenye mtama wa Bahi,
giza la mbawa, na mimi sina hata debe la kupiga.
Mjane wa jenerali ana dola milioni saba na anayemwamini ni mimi tu.
Dawa ya kunenepa. Dawa ya kukonda. Zote alfajiri moja.
"Mpendwa Perisi.Ndahani89, hongera sana!"
Hata mama yangu hajawahi kunipongeza hivyo.

Na chini yao, ukurasa wa kumi na nne,
mistari miwili kutoka Mtumba:
unaitwa kwenye usaili, Jumanne, saa mbili asubuhi, uje na vyeti halisi.
Niliisoma Ijumaa.
Usiku ule niliosha vyombo, hadi vile visafi.

Tangu hapo nafanya kama tulivyofanya kwetu Mvumi
kiangazi, korongo likiwa mchanga mtupu:
unapiga magoti, unachimba kwa kipande cha kibuyu,
unasubiri maji yajikusanye, meupe kama ya kuoshea mchele,
unachota ndoo yako, unaondoka.
Kesho mchanga umejifunika, ng'ombe wamepita juu.
Hakuna aliyeacha jina lake pale.

Siku hizi nachimba kwenye skrini.
Duka linataka barua pepe ndipo linionyeshe bei ya shuka?
Nafungua ya kutupa, umri wake dakika kumi.
Naiita upepo41. Naiita hayupo.nyumbani.
Siku moja niliita mchuzi.wa.jana.
Wanatuma namba ya kuthibitisha, naingia, naona bei,
ghali,
natoka. Nyuma yangu mlango unageuka ukuta.
Waandike tu. Wamwandikie mchuzi.

Lakini niseme na hili, maana sikuja hapa kuuza dawa.
Mwezi wa tatu, zabibu zikichumwa, kwenye semina ya siku moja Hombolo,
alikuwepo Zefania Senyagwa, doa la wino mfukoni mwa shati,
akitufundisha kupogoa: kata hapa, acha macho mawili, usihurumie.
Akasema ana maandishi yake, angenitumia.
Mkono ulikuwa umeshazoea.
Nikafungua simu, nikamsomea herufi kwa herufi,
akaandika kiganjani, akapuliza wino ukauke.

Dakika kumi.
Sijui kama aliandika ya kumi na moja,
au usiku, alipofika kwao Veyula,
au hakuandika kabisa, na hilo nalo ningependa kulijua.
Kisima kikishafukiwa hakikwambii nani alikuja na ndoo.

Sasa ninayo nyingine, ya kudumu, haina mwaka wala ukoo.
Hakuna aliyepewa. Naifungua Jumapili:
nyeupe, kama uwanja uliofagiliwa kwa ajili ya mgeni
ambaye hajaambiwa nyumba iko wapi.

Na shangazi, huko Kongwa, wale wa mkopo bado wanampigia
kwa deni nililomaliza mwaka juzi.
Nilitaka nimfundishe kuwazuia. Hakunielewa.
Anawapokea wote, simu begani, mikono kwenye unga:
"Ee, hamjambo wanangu. Mmekula?"